Lori Likioshwa Siku ya Kazi

Siku mke wangu aliponikabidhi nusu ya kapitali yake, mtaji wake wa kuuza maharagwe, hakuniuliza kama nina akili. Alikuwa ameishi nami miaka ya kutosha. Jibu alikuwa nalo. Alisimama mlangoni, kitenge cha sokoni kimekazwa kiunoni, akaniuliza jambo moja tu.

"Papa, hii pesa ikianza kushuka, utaitoa kwenye ngazi gani?"

"Itapanda, Mama. Nimechunguza."

"Sikuuliza kupanda. Kupanda kila mutu anajua. Mimi nikiuza maharagi niko na ngazi yangu. Bei ikifika pale nauza, ata roho iume. Ya kwako iko wapi?"

Nikamwonyesha kwenye simu. Chini ya bei nilikuwa nimechora mstari mwekundu, nikamweleza kwamba ule mstari ni amri: bei ikiugusa, wakala wetu aliye ng'ambo anauza hisa papo hapo, bila kuniuliza, hata nikiwa nimelala. Wenyewe wanaiita stopu.

"Njo vizuri," akasema. "Juu ya kulala, hiyo unajua."

Ndivyo nilivyoingia katika biashara ya hisa, mimi mtoto wa mtaa wa Murara, Goma, mwenye diploma ya sekondari upande wa komersiale na uzoefu mrefu wa kukaa nyumbani. Watu husema ni uvivu. Mimi nasema ni kipaji. Nikitoka hadi barabara kubwa kununua mkate, majirani huuliza nani amefariki. Miaka hiyo nilikuwa nauza vocha za simu kupitia dirisha la sebule, ili nisilazimike kufungua mlango. Kwa hiyo shemeji yangu, mdogo wa mke wangu aliyehamia Kampala, alipokuja kututembelea na kunionyesha soko la hisa ndani ya simu yake, niliona kazi iliyoumbwa kwa ajili yangu: soko kubwa kuliko yote, wala halina tope.

Akaunti haikuweza kufunguliwa kwa jina langu. Fomu ilitaka jina la barabara na namba ya nyumba, na nyumba yangu huelekezwa hivi: panda na lava ya zamani mpaka uone lori, kisha uliza. Ikafunguliwa kwa jina la shemeji. Yeye akawa anwani, mimi nikawa kidole. Tukanunua hisa za kampuni moja ya huko mbali inayotengeneza betri. Nilijiambia kwamba mawe ya kutengenezea betri yanatoka kwetu kila siku na kwenda zake. Si vibaya yakirudisha salamu.

Lori nililolitaja ni la jirani yetu wa ukuta mmoja. Ni muzee ambaye babu yake alikuja kutoka Maniema na bidhaa kichwani, Mwislamu wa swala tano na mizaha isiyo na idadi. Kazi yake ilikuwa kupakia Bunagana, mpakani, na kushusha Goma. Jioni moja alichungulia juu ya ukuta akaona skrini yangu.

"Jirani, huyu ni nani wanamupima roho? Atapona?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilikuwa nimeshajifunza viashiria, na kila kiashiria nilichojifunza nilikichora juu ya bei. Kulikuwa na mstari wa wastani wa siku chache na mstari wa wastani wa siku nyingi, na ikikatana lazima ufanye kitu. Kulikuwa na utepe juu na utepe chini. Kulikuwa na kipimo kinachotembea kati ya sifuri na mia: kikipita sabini watu wamenunua kupita kiasi, kikishuka chini ya thelathini wameuza kupita kiasi. Mwishowe bei yenyewe haikuonekana tena. Mke wangu alitazama akasema kama ninafuma sweta, niiongezee mikono, kwa sababu Butembo kwao kuna baridi.

Shida ya viashiria si kwamba vinasema uongo. Wastani husema kweli, ila ni kweli ya juzi. Uliponitangazia kwamba bei inapanda, ilikuwa imeshapanda, imekula, na inatandika kitanda. Na vikiwa vingi havisikilizani. Kimoja kiliniambia nunua, cha pili uza, cha tatu ngoja. Nikakifuata cha tatu, kwa kuwa kilifanana na baba yangu.

Lazima niseme jambo hapa. Mlima wetu wa moto ulipopasuka mara ya kwanza maishani mwangu, nilikuwa kijana wa sekondari. Mbingu ilikuwa nyekundu upande wa kaskazini, watu wanapita mbele ya nyumba na magodoro. Mama yangu alikuwa fundi nguo. Cherehani yake ilikuwa imeshatolewa hadi kwenye kibaraza, na kijana mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alisimama langoni, ubao wake una nafasi. Baba akaangalia mbingu, akaangalia chukudu, akasema, "Tungoje kidogo." Chukudu ikaondoka na mizigo ya watu wengine. Tulipokimbia, tulikimbia mikono mitupu. Cherehani iko chini ya Murara mpaka leo, na nyumba yetu ya mbao tuliijenga juu ya lava ileile. Mke wangu huniambia nikinyamaza kidogo nitaisikia ikishona. Mama hakumlaumu baba hata siku moja. Alishona kwa mkono mpaka alipofariki.

Mke wangu ni mtoto wa wafanyabiashara, na kiashiria alikuwa nacho kimoja: lori la jirani. Lori likiwa na vumbi au tope la Bunagana, barabara iko wazi, bei ya maharagwe inashuka, yeye ananunua polepole. Muzee akiliosha siku ya kazi, maana yake hana safari. Na akikosa safari, kuna kitu barabarani ambacho redio itakisema keshokutwa. Akiliosha siku mbili mfululizo, mke wangu anauza mzigo wote alionao, kwa bei iliyopo. Hangoji bei ipande: barabara ikiwa na bunduki, mzigo unaweza kuporwa kabla haijapanda. Wenzake sokoni walikuwa wakifikiri ana mtu jeshini. Alikuwa na mtu mwenye ndoo.

Kiashiria chake kiliwahi kumdanganya. Muzee aliosha lori Jumatano, akaliosha Alhamisi, hadi pete za magurudumu zikang'aa. Mke wangu akauza kila kopo. Jumamosi lori likapita na maua mbele: muzee alikuwa anamwoza binti yake na kadi yetu ya mwaliko ilikuwa imebaki kwa mtoto aliyetumwa. Wiki ile maharagwe yalipanda vizuri sana, kwa watu wengine. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Cheka tu," akasema. "Nilipoteza faida ya juma moja. Kapitali haikutoka nyumbani."

Sikuelewa. Nilikuwa na diploma.

Stopu yangu ya kwanza ilifanya kazi yake, na hilo ndilo lililoniharibu. Nilikuwa nimeiweka kwenye namba nzima, kwa sababu namba nzima hupendeza machoni. Kumbe dunia nzima ina macho kama yangu, na stopu za watu wote zilikuwa zimerundikana palepale. Alhamisi moja bei ikateremka taratibu, ikagusa namba ile kwa ncha ya kidole, hisa zangu zikauzwa, na kabla chai yangu haijapoa bei ikapanda ikaenda zake, kama mtu aliyepita kwangu tu kuchukua kiatu changu. Nilipandwa na hasira. Nikanunua tena, kwa bei ya juu zaidi, siku ileile.

Safari hii sikuweka amri. Niliweka kengele. Bei ikifika pale, simu italia, nami nitaamua mwenyewe kwa utulivu, kama mtu mzima. Stopu, nilijiambia, ni ya watu wanaotoka nyumbani. Mimi nipo.

Kila Jumapili baada ya misa mke wangu aliuliza, "Mstari uko?"

"Uko."

Na kweli ulikuwepo, mwekundu, palepale. Sikuufuta. Ila ulikuwa picha tu.

Kisha mlima ukapasuka tena. Ilikuwa Jumamosi jioni. Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na simu yangu nilikuwa nimeipeleka kwenye kibanda cha pembeni, kwa kijana mwenye sola anayechaji simu za mtaa wote na kukupa kikaratasi chenye namba. Mbingu ikageuka nyekundu upande uleule wa zamani. Mke wangu alikuwa na mfuko wa safari nyuma ya mlango tangu tulipooana. Watoto walikuwa nje na viatu miguuni kabla sijapata miwani. Mimi sikusema tungoje kidogo. Nilisema tu, "Nichukue simu," nikakimbia hadi kibandani. Kufuli. Mwenye kibanda alikuwa na miguu mizuri kuliko yangu.

Muzee alipakia majirani wote kwenye lori, sisi tukiwemo, tukaelekea Sake. Njiani, katikati ya watu wanaolia na kuku waliofungwa miguu, akapaza sauti kutoka dirishani.

"Jirani! Ile karatasi yako ya roho haikukuonyesha mulima?"

Watu walicheka. Ninamshukuru mpaka leo, maana watoto wangu walicheka pia.

Lava ilisimama kabla ya kufika kwetu, lakini ardhi iliendelea kutikisika siku nyingi, na tukaambiwa tusirudi. Tulilala Sake, katika darasa la shule, pamoja na watu wa ukoo wa mke wangu. Mimi mtu wa nyumbani nililala na familia sita, chini ya ubao ambao mtu alikuwa ameandika hesabu ya sehemu na kuikosea. Mfukoni nilikuwa na kikaratasi cha simu. Kila alasiri, saa ambayo soko la huko hufunguka, nilikitoa nikakitazama.

Tuliporudi, mwenye kibanda alikuwa wa mwisho kurudi. Alipofungua, simu yangu ilikuwa imejaa chaji, mpya kabisa, na kwenye kioo orodha ya kengele kama meno ya kitana. Ililia Jumatatu. Ikalia Jumanne. Ililia ndani ya kibanda kilichofungwa, katika mtaa usio na mtu, na kama kuna aliyeisikia ni paka.

Nikaelewa jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Soko lilifunga Ijumaa bei ikiwa juu ya mstari wangu. Jumatatu likafungua bei ikiwa mbali chini yake. Katikati hapakuwa na bei yoyote. Ilikuwa kama barabara yetu baada ya mlima, lami huku, lami kule, na katikati hakuna pa kukanyaga. Hata stopu ya kweli isingeniuzia pale kwenye mstari. Ingeniuzia ng'ambo ya shimo. Lakini ingeniuzia. Mimi niliendelea kuwemo ndani ya shimo, juma zima, nikitazama kikaratasi.

Mke wangu alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Yalikuwa machache, barabara ndiyo kwanza inafunguka na wenzake wote walikuwa wakitafuta kapitali ya kuanzia. Nilikaa mbele yake.

"Mama, ule mstari haukuwa amri."

"Ulikuwa nini?"

"Kengele."

"Na kengele ilikuwa wapi?"

"Kibandani."

Akatoa jiwe dogo kwenye ungo, akalitupa. Akatoa jingine.

"Imebaki ngapi?"

Nikamwambia. Ilikuwa karibu nusu ya ile nusu aliyonipa. Akachambua hadi mwisho, akayamimina maharagwe kwenye ndoo, ndipo akaniangalia.

"Papa yako alisema tungoje kidogo. Weye umeenda shuleni mpaka ukajua kuisema na mashini."

Hakuna kitu nilichowahi kuambiwa kikaniingia namna hiyo. Nilimwambia atoe iliyobaki, amwambie ndugu yake aitume, mimi nirudi dirishani kwenye vocha.

"Sitoi," akasema. "Hii hasara ni minerval, pesa ya shule, na mwenye kulipa ni mimi. Mutu akilipa minerval, hatoi mutoto darasani katikati ya mwaka. Utasoma mpaka ujue. Lakini utasoma na sheria." Akageuka, akapaza sauti juu ya ukuta. "Muzee! Kuja kidogo usikie!"

Kwao, wauzaji wa maharagwe, bei ikikubaliwa bila shahidi haijakubaliwa. Muzee akaja na kikombe chake cha chai. Mke wangu akasema sheria mbele yake. Stopu ni amri, si kengele. Mstari unaweza kupanda; kushuka, hapana. Na siku nitakapotaka kuushusha, nitatoka nyumbani, nitaenda hadi barabarani penye lori, na nitamwambia muzee sababu yangu, kwa sauti, mbele ya wapita njia.

"Na miguu yake mwenyewe?" muzee akauliza. "Hadi barabarani?"

"Na miguu yake."

"Mama, umemufunga. Gereza iko na huruma kuliko hivi."

Nikaanza upya, na safari hii nilikaza meno. Nilifuta viashiria vyote isipokuwa wastani mmoja. Nikachukua daftari la mtoto, na kila siku nikaandika bei ilitangatanga kiasi gani juu na chini bila sababu yoyote, kama mlevi anayerudi nyumbani lakini hatimaye anafika. Stopu nikaiweka nje ya kutangatanga huko, kwenye namba mbaya isiyopendwa na mtu. Kwa kuwa stopu ikikaa mbali hasara yake ni kubwa zaidi, nikapunguza hisa, ili hasara ibaki ile ambayo mke wangu angeweza kuifidia kwa juma mbili za maharagwe. Haya yote ameyajua tangu akiwa msichana. Mimi niliyapata kwa daftari na kalamu.

Kulikuwa na mitego mingine. Juma zima niliamini nina stopu, kumbe nilikuwa nimechagua amri ya siku moja, na kila usiku soko likifunga ilikuwa inakufa kimya kimya. Asubuhi nilikuwa naamka nikiwa uchi bila kujua. Nikatafuta chaguo la amri inayodumu mpaka uifute. Halafu kuna stopu yenye kiburi, ile unayoiambia iuze lakini isikubali chini ya bei fulani. Nilivutiwa nayo, kwa kuwa mimi pia nina kiburi. Kisha nikakumbuka lile shimo la Jumatatu: bei ikiruka na kupita pale, stopu ya kiburi inabaki imesimama kibarazani na cherehani yake, ikingoja bei nzuri. Nikachukua ile ya unyenyekevu.

Mara moja tu nilikaribia kuvunja sheria. Bei ilikuwa inateremka, ulikuwa umebaki upana wa unywele, na moyo ukaniambia kwamba hii ni ile ya kiatu tena, itagusa na kurudi. Nikavaa viatu. Nikafika langoni. Muzee alikuwa chini ya lori lake, akaona viatu vyangu.

"Jirani! Nani amefariki?"

Nikarudi ndani. Stopu ikauza. Bei ikaendelea kuteremka mwezi mzima. Sikumwambia muzee kitu, lakini siku ile nilimpelekea mkate. Mkate wenyewe niliutuma kwa mkono wa binti yangu.

Baadaye vita vikaja tena kutoka upande wa mpaka. Bunagana ikachukuliwa, na lori la muzee likaoshwa siku nyingi kiasi kwamba mke wangu alisema rangi itaisha. Alijifunza kuishi na barabara nyingine, za Masisi, za ziwani, na muzee alijifunza kupakia popote palipokuwa na njia. Miaka ikaenda hivyo, bunduki zikikaribia na kurudi nyuma, na sisi tukizisikiliza kama watu wanaosikiliza mvua. Polepole, hasara ndogo, faida ndogo, kapitali ya mke wangu ikapanda ikakaribia pale ilipokuwa. Sikuwa tajiri. Nilikuwa mwanafunzi wa kati, nisiyefukuzwa.

Kisha ikaja asubuhi ambayo muzee hakuosha lori. Alilitoa magurudumu. Watu wenye silaha wakihitaji gari huchukua gari, na lori lisilo na magurudumu halimfai mtu. Mawili aliyaingiza sebuleni kwetu, akayalaza nyuma ya kochi langu.

Mke wangu aliyaangalia magurudumu. Hakuuliza redio imesema nini.

"Papa. Mstari uko?"

Safari hii nilimpa simu. Akaona mwenyewe: amri, si kengele, inadumu, haifi usiku, iko kwa wakala, haihitaji simu yangu iwe hai. Ilikuwa asubuhi bado, rezo, mtandao wa simu, ilikuwa bado ipo. Aliniuliza kama tuuze kabisa. Nilisema bei iko juu, wastani uko juu, na tuna stopu. Kisha nikafanya kitu cha mwisho: nikaupandisha mstari karibu na bei, ili hata ikianguka tusiguse kapitali.

"Ikianguka kabla hatujaona?" akauliza.

"Haihitaji tuone."

"Njo vizuri."

Jioni ile rezo ikakatika, na umeme, na maji. Tulikaa ndani siku kadhaa, watoto wamelala chini nyuma ya magurudumu ya muzee, godoro limesimamishwa dirishani pale nilipokuwa nauzia vocha. Milio ilipita juu ya bati. Sitaieleza sana, waliokuwa Goma wanaijua, na wengine sitawaongezea. Nitasema tu kwamba kila alasiri, saa ya soko, mkono wangu ulikwenda kwenye simu, nao ukarudi. Hakukuwa na kitu cha kuamua. Nilikuwa nimeshaamua nikiwa na akili, mchana, mke wangu akiwa ameshika simu.

Kulipotulia, mji ulikuwa na wenyewe wapya, benki zilikuwa zimefungwa, na soko la mke wangu halikuwa na kitu. Rezo iliporudi, simu ilitetemeka ikaniletea ujumbe. Hisa zimeuzwa, siku ya pili ya kimya chetu, chini kidogo ya mstari. Nikafungua bei ya leo. Ilikuwa imesharudi, imepita pale tulipouza, imepita na pale tulipopandisha mstari, inaendelea kupanda.

Nililia kwa sauti. "Ona! Kiatu! Imechukua tena kiatu!"

Muzee akachungulia juu ya ukuta. "Mugonjwa amekufa?"

"Amepona, muzee! Amepona tulipomuzika!"

Mke wangu alitoka jikoni.

"Kapitali iko?"

"Ingekuwa zaidi, Mama. Kama tungengoja ki..."

Nikalikata neno mwenyewe.

"Kapitali iko?" akauliza tena.

"Iko. Yote, na kidogo juu. Iko Kampala kwa ndugu yako."

"Huku benki imefungwa," akasema, akihesabu kwa macho, si kwa vidole. "Pesa haiwezi kuja. Lakini maharagi haina haja na benki. Mwambie alipe mutu wa kule ng'ambo ya mpaka, maharagi na unga wa mahindi, ishukie Bunagana." Akamgeukia muzee. "Barabara ya Bunagana?"

"Banasema iko wazi tangu jana. Vizuizi ni vingi, lakini watu banapita." Muzee akanitazama. "Shida ni magurudumu. Moja iko kwa ndugu ya muke wangu, moja kwa imamu, mbili ziko na mutu mumoja hatoki nyumbani."

Nikavaa viatu. Nikalisukuma gurudumu la kwanza kutoka nyuma ya kochi, nikalipitisha mlangoni, langoni, hadi barabarani, likiniponyoka kila penye jiwe la lava. Wanawake waliokuwa wakirudi na madumu ya maji walisimama kuangalia. Mmoja akamuuliza mwenzake kwa sauti ya chini. Nikamjibu kabla hajajibiwa.

"Hakuna aliyefariki, Mama. Nisaidie kushika."

Lori lilikuwa siku nne njiani. Lilirudi asubuhi, limejaa magunia hadi juu, na tope la Bunagana limelifunika hadi kwenye vioo. Mke wangu alipitisha kidole mlangoni mwa lori, akaangalia kidole. Kabla ya saa sita nusu ya magunia ilikuwa sokoni, na wenzake, wale ambao pesa zao zilikuwa zimelala ndani ya benki zilizofungwa, walikuwa wakimwomba awape mzigo wa kuuza, naye akawapa.

Mimi nilibeba magunia. Nilibeba vibaya, lakini nilibeba. Nilipotoka na la mwisho, muzee alikuwa anakuja kutoka uani kwake, mikono ya shati imekunjwa, ndoo ya maji mkononi, anaangalia lile tope kwa huruma.

"Muzee, tafazali," mke wangu akamwambia. "Weka ndoo chini. Leo ni siku ya kazi."